Mletaji Akae Kwanza: Maneno ya Kumuaga Mama Fungua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Daktari Mkuu wa kituo hiki cha afya. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya kituo. Wauguzi, watu wa maabara na watu wa dirisha la dawa. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu wageni ambao hamkualikwa lakini mmewahi viti vya mbele. Na wewe mama uliyekaa katikati pale, shada la maua limekuziba mpaka kidevuni, Mama Fungua wetu. Nawasalimu wote, kila mtu kwa kadiri ya cheo chake, na wasio na cheo nawasalimu mara mbili kwa sababu hao ndio wenzangu.

Mshereheshaji ameniambia nina dakika tano, na amenitamkia kama mtu aliyewahi kunisikia nikiongea. Mheshimiwa Mgeni Rasmi alipewa kumi akatumia arobaini, na wala simlaumu, alikuwa na mengi ya kutueleza kuhusu barabara. Mimi nitajitahidi niangukie katikati.

Nimesimama hapa kwa niaba ya wagonjwa wa chumba cha meno. Msidhani nilikuwa chaguo la kwanza. Kwanza kamati ilimwomba mwalimu mkuu mstaafu, akasema kifua kinambana. Ikamwomba karani wa mahakama, akasema yuko safarini, na namwona yule pale anakula karanga. Ndipo wakaja kwangu, fundi seremala mwenye elimu ya darasa la tano na nusu. Hiyo nusu nayo ina maelezo yake: katikati ya mwaka mwalimu alivunjikiwa na kiti, akanituma nikakitengeneze kwa mjomba wangu aliyekuwa seremala, na mimi nikapenda kiti kuliko mwalimu. Sikurudi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mimi ninalijua na wasomi hawa hawalijui. Karakana yangu na chumba cha meno vinatenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba. Kwa miaka thelathini na mmoja mimi nimepiga randa upande huu, na yeye amechokonoa meno upande ule. Nimesikia kila kilio, kila dua, kila mwanamume aliyemwita mama yake. Na leo, kwa kuwa anaondoka na hawezi tena kunifanya kitu, nina jambo la kuungama mbele yenu. Mama, unawakumbuka wale wagonjwa waliokuwa wakiyeyuka kwenye benchi kabla hawajaitwa? Ni keekee yangu. Walikuwa wakisikia inavyolia kwenye mbao, wakadhani ni mashine yako imeingia kwenye jino la mtu. Mara nyingi ilikuwa bahati mbaya. Siku mbili tatu nilifanya makusudi.

Ndugu zangu, jina la Mama Fungua limetoka wapi? Limetoka kwenye kazi. Huyu mama hana maneno mengi. Unaingia, unaanza kujieleza, jino limeanza kuuma Jumanne, jirani amekushauri uweke karafuu, shemeji yako naye aliwahi kuumwa hivyo hivyo, yeye anasubiri umalize kuvuta pumzi, anasema, "Fungua." Basi. Nimemsikia akimwambia hivyo mtoto wa miaka mitatu na akafungua. Nimemsikia akimwambia hivyo afisa mmoja mwenye mabega yaliyojaa vyeo, ambaye watu wote hapa mjini humfungulia yeye milango, na akafungua, tena kwa upana.

Na siku moja alinifikia mimi.

Nilikuwa na jino la mbele, zuri, nyama yake imelishika vizuri, halikuwa na tatizo na mtu. Nikalivunja kwa kufungua chupa ya soda mbele ya wakwe zangu, ili waone kwamba binti yao amepata mwanamume. Walimwona mwanamume, na walimwona na pengo lake. Sasa mtu mwingine angefanya nini? Angevuka kizingiti, aingie mlango wa pili, atibiwe. Mimi nikasema, mimi ni seremala. Nikatafuta kipande cha mbao nyeupe, ngumu, isiyo na fundo, nikachonga jino. Nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi, nikalibandika kwa gundi ya mbao. Waheshimiwa, lilikaa! Nilitazama kwenye kioo nikaona kijana. Nilikwenda kwenye kikao cha mafundi nikacheka hata mahali ambapo hapakuwa na kichekesho.

Siku ya tatu likavimba. Mimi niliyekuwa nikiwaonya wateja wangu kila siku kwamba mlango usipigwe na mvua, niliweka mbao mahali ambapo mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha saa zote! Likavimba likasukuma jirani yake wa kulia, likasukuma jirani yake wa kushoto, fizi ikawa nyekundu kama nyanya, uso ukahamia upande mmoja. Nikazunguka ukuta, nikaingia kwake, nikakaa bila kuambiwa.

Akatazama. Akachukua kioo chake kidogo, akatazama tena. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, ulipaka vanishi mikono mingapi?"

Nikasema, "Miwili."

"Ungepaka mitatu," akasema. "Fungua."

Hakucheka mpaka alipomaliza kulitoa, kusafisha kidonda na kunipa dawa. Ndipo akaenda dirishani, akanipa mgongo, na niliona mabega yake yakicheza kwa dakika nzima. Na lile jino la mbao, ndugu zangu, hakulitupa. Liko kwenye chupa kwenye rafu yake, na kila mwanagenzi wa udaktari wa meno aliyepita hapa ameonyeshwa na kuambiwa, "Hili ni jino la jirani yangu."

Aliporudi kutoka dirishani, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Nyumbani mko wangapi?"

Nikamwambia tuko sita.

"Miswaki mnaiweka wapi?"

Nikamwambia, kwa fahari, kwamba tunaiweka yote kwenye kikombe kimoja, na kwamba niliinunua yote pamoja, ya rangi moja, ili watoto wasigombane.

"Na kila mmoja anaujuaje wa kwake?"

Waheshimiwa, swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, wala kujiuliza mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliyewahi kuamka alichukua uliokauka. Tulikuwa watu sita, miswaki sita, tukiizungusha midomoni mwetu kama jamaa wanaopokezana gazeti.

Alinituma kazi papo hapo. Nikatengeneze kibao chenye matundu sita, miswaki isimame, isigusane, ipate hewa. Na kwa kuwa wadogo wawili walikuwa hawajui kusoma, kila tundu nichonge alama. Mke wangu nikamchongea sufuria. Mwanangu mkubwa, mpira. Binti yangu, kipepeo, akasema anafanana na nzi, na hakukosea. Mimi nikajichongea msumeno. Kile kibao kilipendwa, akaniagiza kingine, na kingine, na kwa miaka yote hii kila familia iliyopita kwake imetoka na kibao kutoka kwangu. Nikiingia kwenye nyumba za watu hapa mjini nakiona kimetundikwa bafuni, na nawajua wenyeji kwa alama zao kabla hawajanisalimia. Kuna baba mmoja humu ndani ana alama ya mto wa kulalia. Sitamtaja. Anajijua.

Na alitufundisha sote, bila kutuchosha. Alitufundisha kwamba mtoto chini ya miaka minane hapigi mswaki, anachezea mswaki, na kwamba mtu mzima akae nyuma yake amshikie kidevu na kumsugua. Alitufundisha kwamba dawa ya meno kwa mtoto mdogo ni kiasi cha punje, siyo ule mkufu mrefu tunaouona kwenye matangazo. Kwamba ukimaliza unatema, husuuzi mdomo kwa kikombe kizima cha maji ukaifukuza dawa uliyoinunua mwenyewe. Kwamba mswaki wa kabla ya kulala ndio mkubwa kuliko yote, na baada ya huo ni maji tu. Kwamba fizi ikitoka damu usiikimbie, isugue taratibu, na isipokoma ndani ya wiki mbili njoo. Ni nani hapa ambaye hakuyasikia haya? Na ni wangapi, tuwe wakweli, waliyasikia mara tatu kabla hawajayafanya mara moja? Namwona karani wa mahakama ameacha karanga.

Lakini hayo yote daktari mwingine anaweza kukufundisha, na siyo yaliyonileta kwenye maiki hii. Lililonileta ni utaratibu wake mmoja, na naomba sasa mnisikilize, maana mizaha inapungua.

Huyu mama, tangu siku ya kwanza, alikuwa na utaratibu kwamba mtu yeyote anayemleta mgonjwa, yeye mletaji ndiye anayekaa kwenye kiti kwanza. Baba amemleta mtoto? Baba akae. Binti amemleta bibi yake? Binti akae. Anakutazama meno, fizi, ulimi juu, ulimi chini, mashavu kwa ndani, shingoni kwa vidole viwili, halafu anakuambia, "Shuka, apande mwenyewe." Watu walinung'unika. Mimi mwenyewe nilimuuliza, "Mama, mbona unamchunguza asiyeumwa?" Akanijibu, "Fundi, mtoto hajajinunulia biskuti mwenyewe. Nikitazama mdomo wa aliyemleta, nimetazama nyumba. Na mtoto akishaona mama yake amekaa na ameshuka mzima, haogopi tena kiti."

Hivyo tu. Hayo ndiyo maelezo yote aliyowahi kuyatoa.

Sasa miaka saba iliyopita, mke wangu alimleta mjukuu wetu. Mtoto alikuwa na miaka minne, tunamwita Kasuku, na mkimsikia akiongea mtajua kwa nini. Meno ya mbele yalikuwa yameoza kwa sababu babu yake, ambaye simtaji, alikuwa akimpa chupa ya maziwa yenye sukari alale nayo. Kasuku alikuwa analia. Mke wangu akaingia naye mkononi. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, nimesimamisha randa ili nisikie.

"Mama, kaa wewe kwanza."

"Mimi? Mimi siumwi, daktari. Anayeumwa ni huyu."

"Nimesikia. Kaa."

"Nimeacha sufuria jikoni."

"Basi tuwahi. Fungua."

Kukawa kimya. Na kimya chake mimi nakijua. Kuna kimya cha kutafuta tundu, na kuna kimya cha kuziba tundu. Hiki sikukijua. Halafu nikasikia, kwa sauti ya chini:

"Hiki kidonda kina muda gani?"

"Kipi?"

"Mama."

"Labda miezi minne. Ni jino linanikwaruza tu. Naweka chumvi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Na mzee?"

"Mzee ana kelele."

Hapo keekee iliyokuwa nje mtaani, ya fundi mwingine, ikaanza kulia, sikusikia zaidi. Mke wangu alitoka amembeba mtoto, nikamuuliza, "Daktari amesemaje?" Akasema, "Amesema acha kumpa mtoto sukari." Ilikuwa kweli. Alisema na hilo, na mimi sikuthubutu kuuliza kuhusu kidonda.

Ikapita wiki. Nikiwa kazini, Mama Fungua akaingia karakana na koti lake jeupe. Alikuwa hajawahi kuingia mwenyewe. Vibao aliviagiza kwa kupiga ukuta. Akaniuliza, "Fundi, mnakwenda lini?"

"Kwenda wapi?"

"Barua umeisoma?"

"Barua gani?"

Akakaa. Akakaa kwenye stuli ambayo nilikuwa nimeipaka rangi asubuhi ile, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi, sikusema "angalia rangi." Akanieleza kwamba chini ya ulimi wa mke wangu, pembeni kushoto, kuna kidonda kigumu chenye weupe na wekundu, kwamba kidonda chochote cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu ni lazima kitazamwe, kwamba huenda si kitu, na huenda ni saratani, kwamba alimwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na kwamba kila wiki tunayokaa nayo tunampa adui nafasi. Akainuka. Koti lilikuwa na duara la rangi ya kahawia nyuma, na hakulitazama.

Barua tuliipata kwenye kopo la unga. Mke wangu alikuwa ameifukia humo, chini kabisa, akiwa na matumaini kwamba nitakufa kabla sijajifunza kupika.

Nilipaza sauti? Nilipaza. Nilikuwa na haki? Sijui. Mtu ambaye mke wake anamficha kidonda miezi minne kwa sababu "mzee ana kelele," huyo mtu akae chini ajiulize kelele zake zimemnufaisha nani. Nilijiuliza. Halafu tukaenda. Na siku tulipokwenda, tulipofika kwenye benchi la hospitali kubwa, chumba cha meno kikiwa kimefungwa siku hiyo, nani alikuwa amekaa pale kabla yetu, na mkoba mapajani? Alisema alikuwa na shughuli zake upande huo. Mama, miaka saba nimetaka kukuuliza, shughuli gani? Hukuinuka kwenye lile benchi mpaka jioni.

Ilikuwa saratani. Ilikuwa ndogo. Wakamkata kipande cha ulimi, wakatazama shingo, na daktari wa upasuaji akaniambia kwamba kama tungekuja baada ya miezi sita tungekuwa tunaongea mambo mengine. Leo yuko pale, mwenye kilemba cha kijani, ananitazama kwa jicho la kuniambia niteremke. Maneno mengine yanamtoka yameviringika kidogo. Majirani walinifariji kwamba angalau sasa nyumba itatulia. Wapi! Nilioa ulimi mrefu, wamepunguza kidogo, na uliobaki unanitosha mpaka kaburini. Kila asubuhi ukianza kunisema nakaa nausikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza taarabu.

Sasa nakuja kwenye jambo langu, na namgeukia daktari wetu mpya, binti yule mwenye miwani, aliyekuja wiki tatu zilizopita kupokea chumba. Binti yangu, usijikunje. Kazi yako ni safi. Una mkono mwepesi, nimeambiwa na watu watatu, na mmoja wao huwa hasifii hata chakula cha mkewe. Ila wiki ya kwanza ulibandika karatasi mlangoni. Mimi na darasa langu la tano na nusu tuliisoma taratibu: "Mgonjwa ni mwenye kadi. Msindikizaji hachunguzwi."

Nilikuja nikakuuliza, na tusimfiche mtu tulivyoongea. Nilisema, "Binti yangu, karatasi hii inamaanisha nini?"

Ukasema, "Inamaanisha ilivyoandikwa, babu. Msindikizaji akitaka kuchunguzwa achukue kadi, apange foleni kama wenzake."

Nikasema, "Na asiyejua kwamba anahitaji?"

Ukaniambia, "Babu, jana niliona wagonjwa ishirini na saba. Wanne wakarudi nyumbani na maumivu yao kwa sababu muda uliisha. Hao wanne niwaambie nini? Kwamba nilikuwa natazama midomo ya watu wasioumwa?"

Ndugu zangu, niliaga nikatoka. Na mimi kutoka bila kubishana ni habari ya kutangazwa redioni. Binti alikuwa na haki, na amekuwa na haki mpaka leo. Wale wanne ni watu, na jino halijui kusubiri. Nikaenda kwa Mama Fungua, nikidhani atawaka. Akaniambia, "Chumba ni chake sasa, fundi. Usiende kumsumbua mtoto wa watu." Kwa hiyo mjue kwamba haya ninayoyasema nayasema bila ruhusa yake, na ndiyo maana ameinua maua yakamfika machoni.

Lakini wiki hizi tatu za makabidhiano nimefanya kitu ninachokiweza, nimesikiliza ukuta. Siku ambazo Mama Fungua anashika zamu, na siku ambazo binti anashika zamu, nimeweka saa yangu juu ya meza ya kazi. Mletaji kukaa na kushuka, ni dakika mbili, mbili na nusu akiwa mbishi. Mtoto aliyemwona mletaji wake amekaa, anapanda mwenyewe. Mtoto ambaye hakumwona mtu, binti yangu, unamjua: anashikwa miguu, anabembelezwa, anaahidiwa baiskeli, anamng'ata muuguzi. Jumatano mmoja alikula dakika kumi na nane, mpaka nikaacha randa nikaenda kumchongea gari la mbao. Dakika unazomnyima mletaji, mtoto anazichukua na riba. Wale wanne wako hawakunyimwa muda na midomo ya wasioumwa. Nakuomba tu uipime mwenyewe. Mimi ni fundi, sipendi kuaminiwa, napenda kupimwa.

Na hata kama hesabu yangu imepinda, nauliza, na naomba Mheshimiwa aulize pamoja nami, na Daktari Mkuu aulize: siku ile mke wangu angepata wapi kadi? Angeiomba kwa ugonjwa gani? Angesema nini dirishani, mwanamke aliyekuwa tayari kuifukia barua kwenye unga? Asingesema kitu. Angesimama kando ya kiti, amemshika Kasuku mkono, mdomo umefungwa. Angerudi kwenye sufuria yake.

Sasa kuna jambo la mwisho, nimeliona leo leo, hapa hapa. Kwa kuwa Mheshimiwa alichelewa, tulikula kabla ya hotuba. Nilikaa mkabala na Mama Fungua. Nikamwona anapeleka kila tonge upande wa kushoto. Soda ilipokuja ya baridi, akaisogeza kwa jirani, akaomba maji ya uvuguvugu. Nyama akaikata vipande vya kumlisha kifaranga. Nikajiuliza, huyu aliyetazama midomo ya mji mzima, wa kwake umetazamwa na nani? Alikuwa peke yake kwenye chumba kile miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyemleta. Hakuwahi kuwa mgonjwa wa mtu.

Mama, hilo jino la kulia, lina muda gani?

Anasema, "Fundi, kaa chini." Mmemsikia. Hajasema haliumi.

Basi, daktari wetu mpya, nakutaarifu mbele ya wakubwa wako. Jumatatu saa mbili asubuhi nitamleta mgonjwa. Mgonjwa ni yeye, na kadi nimeshamchukulia mara baada ya kula, namba moja, hii hapa. Mimi sina kadi. Mimi ni mletaji. Sitabishana nawe, sitakukumbusha karatasi iliyo mlangoni, sitasema neno, na mke wangu atakuambia hilo peke yake ni muujiza. Nitasimama tu kando ya kiti. Tangu lile jino la mbao sijapanda pale kwa hiari yangu, siyo siri, naogopa. Utamwambia nani akae kwanza, hilo ni lako. Chumba ni chako.

Unasema? Sauti, binti yangu, wazee wako nyuma huku. Mpeni maiki. Hataki maiki.

Ngojeni. Rudia.

Amesema, "Babu, na wewe uje umepiga mswaki."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Mkuu, ndugu zangu wote, mimi sina la kuongeza. Mama Fungua, pumzika, ila pumziko lako linaanza Jumanne. Nawashukuru ninyi nyote mlionivumilia mpaka neno la mwisho. Chukueni maiki yenu.